Nyufa kwenye rangi ya gari: Ukizifunika, zitarudi

NILIKUWA nimekwishapanga matumizi ya fedha za pikapu ile kabla sijaiuza. Sehemu ingenunua pampu ya kumwagilia, na iliyobaki ingeongezwa kwenye gari kubwa kidogo la kubebea kabichi na karoti kutoka Mgeta hadi Dar es Salaam. Mnunuzi alifika Morogoro asubuhi. Aliwasha injini akaridhika, akalala chini kutazama chasisi akaridhika, kisha akasimama mbele ya boneti na kunyamaza.

Rangi ilikuwa na miezi mitano tu. Nilikuwa nimelipa Sh900,000 gari lipigwe rangi upya mwili mzima ili lipate bei nzuri. Lakini pale kwenye boneti, ukiinama na kutazama kwa pembeni, ulionekana utando wa mistari myembamba kama udongo wa jaruba lililokauka. Kwenye madigadi ya mbele kushoto kulikuwa na ufa mmoja wa urefu wa kiganja, na rangi ya kandokando yake ilikuwa imeanza kunyanyuka. Mnunuzi aliukwaruza kwa ukucha, kipande kikabanduka. Chini yake kulikuwa na puti, na chini ya puti kulikuwa na kutu.

Alipunguza bei kwa Sh1.5 milioni palepale. Nilikataa, naye akaaga na kuondoka. Sikumlaumu. Mtu akiona rangi mpya imepasuka hujiuliza ni kitu gani kingine kimefichwa.

Nilirudi gereji iliyonipigia rangi. Fundi alitazama, akasema ni jua. Akajitolea kunipulizia vanishi nyingine ya juu, ile ambayo mafundi huiita klia, bila malipo, nichukue gari jioni. Nusura nikubali. Kabla sijampa ufunguo, jirani yangu aliniambia nimwone kwanza mzee mmoja ambaye amefanya kazi ya rangi tangu ujana wake, na ambaye gereji yake ni kibanda cha mabati chini ya mwembe.

Mzee yule hakuniuliza nililipa kiasi gani. Aliuliza gari lilikaa gereji siku ngapi.

"Mzee, nililipeleka Ijumaa, nikalichukua Jumapili," nilimjibu.

"Basi, mwanangu, jua halina kosa," alisema.

Ufa huanzia chini

Wengi wetu tunaitazama rangi ya gari kama kitu kimoja kilichopakwa juu ya bati. Ukweli ni kwamba ni matabaka, na kila tabaka lina kazi yake. Kiwandani bati husafishwa na kupewa dawa ya fosfeti ili rangi ishike. Kisha gari zima huzamishwa katika pipa kubwa la rangi ya msingi inayovutwa na umeme hadi kwenye kila kona, na hiyo ndiyo kinga kuu dhidi ya kutu. Juu yake hupulizwa praima, halafu rangi yenyewe tunayoiona, na mwisho klia inayong'aa na kuzuia jua. Matabaka yote hayo kwa pamoja yana unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Na kiwandani matabaka hayo huokwa kwenye tanuri, klia kwa joto la nyuzi 140 hivi, rangi ya msingi kwa joto kubwa zaidi.

Bati lililo chini ya rangi hiyo halitulii. Chuma hutanuka kinapopata joto na kusinyaa kinapopoa. Boneti yenye urefu wa mita 1.2, ikipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana, hutanuka kwa zaidi ya nusu milimita. Pikapu yangu ilikuwa ikilala Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru ambako asubuhi unavaa sweta, na mchana huohuo inasimama juani sokoni Dar es Salaam. Ongeza joto la injini, ongeza mtikisiko wa barabara ya mlimani. Rangi nzuri hufuata mwendo huo wa bati, inatanuka nalo na kurudi nalo. Rangi iliyo nene kupita kiasi, au iliyokauka juu ikabaki laini chini, haiwezi. Hupasuka.

Kwa hiyo fundi wa kwanza alikuwa na chembe ya ukweli. Jua lilikuwapo. Ila jua hilohilo lilikuwa likiwaka kwenye mlango wa kulia ambao ulikuwa na rangi ya kiwandani ya zaidi ya miaka kumi chini, na mlango ule haukuwa na ufa hata mmoja.

Puti na haraka

Mzee alianza na madigadi. Alipachimba kwa patasi ndogo akanionyesha puti yenye unene unaokaribia sentimita moja. Bati lilikuwa limegongwa, na badala ya kulinyoosha kwa nyundo na kizuizi hadi likaribie umbo lake, fundi alijaza shimo. Puti ni unga wa mawe laini uliochanganywa na gundi ya poliesta. Kazi yake ni kusawazisha mikwaruzo na mabonde madogo, milimita mbili au tatu. Ikiwa nene inakuwa kama sahani iliyobandikwa kwenye bati, bati likicheza, sahani haichezi.

Kuna jambo jingine kuhusu puti ambalo mzee alilisema kwa hasira, na ninaamini mafundi wengi hawalijui au wanalijua na kulipuuza. Puti hunywa maji. Fundi akiipiga msasa huku akimwagia maji ili vumbi lisimsumbue, maji huingia ndani na kubaki. Akipuliza rangi juu yake siku hiyohiyo, amefungia unyevu kati ya rangi na chuma. Kutu huanza bila mtu kuona. Na kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huisukuma rangi kwenda juu hadi inapasuka. Puti inapigwa msasa mkavu, basi. Vumbi lake livumiliwe kwa barakoa.

Kisha kuna ile tyubu ndogo ya kigandishi, hadina kama mafundi wanavyoiita. Kwa puti kinahitajika kidogo sana, asilimia 2 hivi ya uzito. Mafundi wenye haraka huongeza ili puti igande kabla hawajamaliza chai. Inaganda kweli, lakini inakuwa kavu na rahisi kuvunjika, na wakati mwingine hadina iliyozidi hupenya hadi juu na kuacha madoa kwenye rangi nyeupe.

Boneti ilikuwa na ugonjwa tofauti. Hapo hapakuwa na puti. Palikuwa na rangi juu ya rangi. Mzee alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha thina kali na kukishikilia kwenye sehemu moja ya ukingo. Baada ya muda mfupi kitambaa kilikuwa na rangi. Akasema rangi iliyokuwa chini ni ya zamani, ya nitroseluloso, ambayo mafundi huiita NC. Rangi ya aina hiyo hukauka kwa thina kuruka tu, na ukiirudishia thina inayeyuka tena. Rangi za kuchanganya na hadina hazifanyi hivyo, kwa sababu zikishaganda zimeganda. Fundi wa kwanza alipuliza rangi ya hadina, ambayo ni ngumu, juu ya ile laini. Thina ya rangi mpya ikailainisha ya zamani, ikavimba, na ilipokuja kusinyaa taratibu wiki kadhaa baadaye, ile ngumu ya juu ikachanika.

Rangi hizo za NC zina historia yake. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuzitumia kwenye magari yake ya Oakland, zikiwa zimetengenezwa na DuPont. Kabla ya hapo gari lilipakwa vanishi za mafuta kwa brashi na kusubiriwa kwa wiki kadhaa likauke. Hamu ya kupata gari haraka, kwa maneno mengine, si ya wateja wa Morogoro peke yao.

Hapo nilianza kujitazama mwenyewe. Ni mimi niliyesema gari litoke Jumapili. Ni mimi niliyeshangilia bei ya chini. Fundi aliyeahidiwa mteja mwingine Jumatatu hakuwa na namna ila kupuliza tabaka la pili kabla la kwanza halijatoa thina yake. Juu hukauka, ukigusa huoni kitu, lakini ndani thina imefungiwa na itatafuta njia ya kutoka. Ili kubana gharama, baadhi huchanganya rangi ya hadina na thina ya kawaida ya NC, kwa kuwa ni rahisi. Thina hiyo mara nyingi ina spiriti ndani yake, na spiriti hula sehemu ya hadina. Rangi inayobaki haigandi ipasavyo. Kwenye kopo la rangi kumeandikwa kipimo, mathalani sehemu mbili za klia kwa moja ya hadina, na aina ya thina inayotakiwa. Kipimo cha macho hakitoshi.

Kutengeneza upya

Swali langu la kwanza kwa mzee lilikuwa lile ambalo kila mwenye gari angeuliza: je, hakuna namna ya kuziba nyufa zile bila kutoa rangi yote? Jibu lilikuwa hapana, na sababu yake ni rahisi. Rangi ni nyembamba mno kuweza kuziba ufa. Itaingia ndani yake, itakauka, na mstari utajichora upya juu. Hata ukiujaza kwa puti laini, kingo za ufa bado zitacheza na ufa utajitokeza tena palepale. Kinachopasuka lazima kitolewe hadi mahali palipo pazima, na kama hakuna palipo pazima, hadi kwenye chuma.

Kuna kipimo kimoja cha kuwapa matumaini wenye tatizo dogo. Pitisha ukucha juu ya mstari. Usipokwama, huenda ni mkwaruzo wa kwenye klia pekee, na unaweza kuondoka kwa polishi nzuri, au kwa msasa mwororo sana wa namba 2000 wenye maji ukifuatiwa na polishi. Ukucha ukikwama kwenye mstari wenye matawi kama utando, usipoteze fedha kwa polishi. Jiwe likirushwa na basi likang'oa tone la rangi, hilo nalo ni jambo jingine: safisha, kausha, gusia praima kidogo na rangi kwa brashi ndogo mapema kabla kutu haijaingia.

Boneti yangu ilivuliwa ikawekwa juu ya magogo. Msasa namba 80 uliondoa rangi yote, kisha 180 kuondoa mikwaruzo ya 80. Madigadi yalinyooshwa kwa nyundo kwa nusu siku nzima, kazi ambayo mara ya kwanza haikufanyika kabisa. Kutu ilichimbwa hadi chuma kikawa cheupe. Hapo mzee hakuliacha bati lilale wazi. Aliliosha kwa dawa ya kuondoa mafuta, akapuliza praima ya epoksi siku hiyohiyo, maana chuma kilicho wazi huanza kushika kutu usiku mmoja tu wa umande.

Puti ikawekwa nyembamba, mara mbili, kila mara ikikauka na kupigwa msasa mkavu. Ikafuata praima ya kujaza, nayo ikaachwa hadi kesho yake. Msasa wa 320, kisha 400 na 600. Siku ya kupuliza rangi kulikuwa na mawingu mazito, ilikuwa Aprili katikati ya masika, na mzee akaahirisha. Nililalamika. Akanionyesha maji yaliyotoka alipofungua bomba la chini la tangi la kompresa, karibu kikombe kizima, yaliyokusanyika kutokana na unyevu wa hewa. Maji hayo yakipita kwenye bunduki ya kupulizia hukutana na hadina na kufanya mapovu ndani ya rangi. Tulisubiri siku mbili.

Rangi ilipulizwa matabaka membamba, na kati ya tabaka na tabaka alisubiri hadi mng'ao wa unyevu utoweke. Klia matabaka mawili. Gereji zenye chumba cha joto huoka rangi kwa nyuzi 60 kwa nusu saa hivi na kumaliza. Kibanda cha mabati hakina chumba hicho, kwa hiyo kinachobaki ni subira. Jumla gari lilikaa siku tisa na nililipa Sh420,000 kwa boneti na madigadi pekee. Ukigawanya, ni ghali kuliko mara ya kwanza. Ukijumlisha na nilichopoteza kwa mnunuzi wa kwanza, utaona mwenyewe.

Sitaacha kutaja jambo lililonisumbua pale. Kijana msaidizi alikuwa akipuliza klia akiwa amefunga kitambaa puani. Hadina ya rangi hizi ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, na zinajulikana kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini. Mtu akishazoeleka nazo vibaya, hata kiasi kidogo humkaba kifua, na kitambaa hakizuii mvuke. Kinga sahihi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, na angalau kabisa ile yenye vichujio vya mkaa vinavyobadilishwa mara kwa mara. Mzee alikuwa na moja, akaitoa sandukuni nilipouliza. Bei ya rangi tunayobishania ingepaswa kuwa na barakoa ndani yake.

Gari la shamba

Magari yanayobeba mazao na pembejeo yana maadui wake. Mbolea za chumvichumvi hufyonza unyevu wa hewa na kuharakisha kutu, kwa hiyo mfuko ukipasuka kwenye karai la pikapu, oga gari siku hiyo, hasa kwenye maungio na chini ya mpira wa sakafu. Maji ya nyanya zilizopondeka yana asidi. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi huilainisha ndani ya muda mfupi. Mwagia maji mengi upesi. Kinyesi cha ndege kwenye boneti ya moto huganda na kuivuta klia hadi inachanika vipande vidogo, na hakitakiwi kukwanguliwa kikiwa kikavu. Kiloweshe kwanza.

Usimwagie boneti maji baridi gari likitoka safari ndefu. Liache lipoe kivulini. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa waksi inayoikinga rangi, hivyo tumia sabuni ya gari au hata maji matupu na kitambaa laini. Waksi kila baada ya miezi mitatu inatosha kwa gari linaloshinda juani. Lakini rangi mpya iliyopulizwa gereji isipakwe waksi mwezi wa kwanza hadi wa pili, kwa sababu thina bado inatoka, na wiki mbili za mwanzo liogeshwe taratibu bila sabuni kali.

Bampa za plastiki nazo zina hesabu yake. Plastiki hupinda kuliko bati, na rangi ya bati ikipulizwa juu yake bila praima ya plastiki na kiungo cha kuilainisha, itapasuka mara ya kwanza utakapogusa ukuta wakati wa kurudi nyuma.

Kwa anayenunua gari lililokwishatumika, nenda asubuhi au jioni jua likiwa chini, ulitazame kwa pembeni. Gonga milango kwa kifundo cha kidole: palipo na puti nene hutoa sauti nzito iliyokufa. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwenye kitambaa ili isikwaruze. Kwenye bati zima itanata, na kwenye puti nene itateleza. Kumbuka tu kwamba bampa ni plastiki na baadhi ya magari yana boneti za aluminiamu, ambako sumaku haitanata hata kama hakuna kilichofichwa.

Mnunuzi wa pili alikuja mwezi Juni, naye alikuwa na sumaku mfukoni. Nilimwona akiipitisha kwenye boneti, ikanata. Akaipitisha mlango wa kulia, ikanata. Alipoinama kwenye madigadi ya kushoto nilimwambia kabla hajafika, "Hapo kaka kuna puti kidogo, na picha za bati kabla ya kupakwa ninazo kwenye simu." Alizitazama picha zote, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya kutu. Kisha akauliza gereji ile iko wapi. Aliondoka na pikapu kwa Sh300,000 pungufu ya bei niliyotaja mwanzo, na pampu sasa iko shambani.